Masanduku Sita ya Shimo la Kumi na Moja

Siku ya kwanza kumwona, mtunza stoo alidhani ni mkaguzi. Mwanamke wa miaka sabini na kitu alisimama mlangoni na barua mkononi, kigoda cha kukunja kwapani, na miwani mbili: moja usoni, nyingine ikining'inia kifuani kwa uzi wa kiatu. Watu wachache waliokuwa wakija stoo ile walisimama dakika tano, wakapiga chafya, wakaondoka. Huyu alikuja na cha kukalia.

"Ndiyo wewe unayetunza mawe, kaka?"

"Sijambo, mama," akajibu, kisha akagundua kwamba hakuulizwa hali. "Shikamoo."

"Marahaba. Tulia, sijaja kukupokonya. Nataka kuyaangalia tu."

Mtunza stoo alikuwa mtu wa aibu tangu utoto. Shule aliishia darasa la saba. Alichotoka nacho ni mwandiko mzuri, namba zimesimama wima kama askari, na ndio uliompatia kazi. Kazi yenyewe ilimfaa kwa sababu mawe hayasemeshi mtu. Stoo ilikuwa jengo refu la bati nyuma ya ofisi ya jiolojia, rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na juu ya rafu masanduku ya mbao. Ndani ya kila sanduku vililazwa vipande vya mwamba vilivyotolewa ardhini na mashine za kuchoronga, mviringo, unene wa kifundo cha mkono, safu kwa safu kama mishumaa. Ubavuni paliandikwa namba ya shimo na kina chake kwa futi.

Akaisoma barua mara mbili. Ilikuwa na mhuri wa mkuu wa ofisi. Ilisema mwenye barua aruhusiwe kuona sampuli na madaftari yote ya zamani ya bonde la mashariki.

"Nitaanza na shimo la kumi na moja," mama yule alisema.

Mtunza stoo akaikunja barua, akaikunjua tena.

"La kumi na moja liko mbali," alisema. "Rafu ya nyuma kabisa. Vumbi tupu. Labda uanze na la kwanza."

"La kwanza nalijua. Nililichora kwenye ramani kabla wewe hujaota ndevu."

Hapo ndipo alipomtambua. Hakuwahi kumwona, lakini habari zake alizikuta ofisini siku aliyoajiriwa. Huyu alikuwa Mama Kikombe.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mchora ramani wa ofisi ile. Kila shimo lililochimbwa, la maji au la madini, yeye ndiye aliyeliweka kwenye karatasi kwa nukta na namba. Bonde la mashariki, nyuma ya kiwanda cha matofali, ni tambarare ya mashamba. Mtu akisimama pale haoni hata kichuguu. Lakini mchora ramani aliona kitu kwenye nukta zake. Mashimo ya katikati yalipita kwenye tope, tope, tope, futi mia tano bila kukuta mwamba. Mashimo ya pembeni yalikuta mwamba mapema, nao ulikuwa umevunjikavunjika. Alipoziunganisha nukta za mawe yaliyovunjika, kalamu yake ilizunguka ikarudi ilikoanzia. Ilikuwa duara.

Alilipeleka kwa mkuu wa wakati ule. Akasema anadhani zamani za kale kimondo kilianguka pale, kikachimba shimo kubwa, na shimo likafukiwa na tope la miaka na miaka. Mkuu aliinua ramani kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia vizuri, akasema, "Mama, hii ni alama ya kikombe chako cha chai." Ofisi nzima ikacheka. Tangu siku ile hadi anastaafu, hakuwa na jina lingine.

Sasa amestaafu siku nyingi, ana muda, na amerudi na kigoda.

Mtunza stoo alimletea masanduku ya shimo la kumi na moja kwa toroli. Yalikuwa sita. Aliyapanga mezani huku akiomba kimoyomoyo umeme ukatike. Haukukatika. Mama Kikombe akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akainama.

"Aliyeandika hizi namba alikuwa na mkono mzuri," alisema.

Mtunza stoo alijifanya anatafuta kitambaa.

Kisa chenyewe kilikuwa cha miaka kumi na saba nyuma, mwezi wake wa tatu kazini. Siku moja alivuta sanduku, akabaki na kipande cha ubao mkononi. Mchwa walikuwa wameingia. Masanduku yote ya shimo la kumi na moja yalikuwa maganda tu, na maandishi yamegeuka unga. Wiki iliyotangulia mlinzi alikuwa amefukuzwa kwa kuvunja kioo kimoja cha dirisha. Mtunza stoo alikuwa na mke mjamzito na hakuwa na mtu wa kumkimbilia. Akafunga mlango, akatafuta masanduku mapya, akahamisha mawe moja baada ya moja. Yalikuwa yamepangwa rundo moja, sanduku juu ya sanduku. Kwenye rejista alikuta kina cha shimo: futi mia tatu hadi mia tatu na sitini, kwa kuwa tope la juu huwa haliwekwi. Basi akagawa futi sitini kwa sita, akaandika namba kwa mwandiko wake mzuri, akafagia mchwa, akanyamaza.

Baada ya miaka minne wachorongaji walileta masanduku mapya. Aliwaona wanavyoyapanga, akauliza mbona la mwisho liko juu. Msimamizi wao alimcheka. "Sanduku la kwanza kujaa ndilo la kwanza kuwekwa chini, bwana. Ulitaka tulishikilie kichwani?" Kwa hiyo kwenye rundo, cha chini ardhini ndicho kilichokaa juu. Mtunza stoo alirudi mezani kwake, akakaa. Lile rundo lake alilihesabu kutoka wapi? Juu kwenda chini, kama ardhi ilivyo? Au chini kwenda juu, kama wachorongaji walivyopanga? Hakukumbuka. Kila alipojaribu kukumbuka aliona mchwa tu, wanakimbia.

Hakumwambia mtu. Wala hakuna aliyeuliza, mpaka huyu.

Siku ya tatu Mama Kikombe alinyanyuka kwenye kigoda ghafla, akakaa tena.

"Njoo, mdogo wangu. Njoo uone."

Akaenda, roho mkononi.

"Jiwe hili jeusi ni la zamani. Ndilo sakafu ya nchi hii yote, liko chini ya kila kitu. Hili jekundu ni la juzijuzi tu kwa hesabu za mawe, linalala juu ya jeusi. Kote bondeni ni hivyo. Sasa tazama hapa. Sanduku la kwanza na la pili, jeusi. La tatu mpaka la sita, jekundu. Jeusi liko juu."

"Naona, mama."

"Unajua ni kitu gani kinachoweza kulinyanyua jiwe la chini na kuliweka juu?"

Mtunza stoo alijua kimoja. Kilikuwa kimesimama ndani ya viatu vyake mwenyewe.

"Kimondo," Mama Kikombe alijibu mwenyewe. "Kinapopiga, ukingo wa shimo unafunuka kama ukurasa. Cha chini kinageuka kuwa cha juu. Na shimo la kumi na moja liko pale pale ukingoni, kwenye duara langu." Akavua miwani zote mbili, akafuta macho kwa kiganja. "Wacha wacheke sasa."

Angesema wakati ule ule, lingekuwa neno moja. Lakini alitazama uso wa yule mama, akasema, "Nikuletee chai?" Na baada ya hapo kila siku neno lilikuwa zito kuliko jana yake.

Wiki ziliingia, zikatoka. Mama Kikombe alikuja saa mbili asubuhi, akaondoka saa kumi. Alisoma madaftari, akajaza karatasi zake kwa penseli aliyoichonga kwa wembe. Alipenda kuzungumza akifanya kazi, na alimzungumzisha mtunza stoo kuliko alivyozungumzishwa maisha yake yote. Alimweleza habari za marehemu mumewe aliyekuwa fundi cherehani na hakuwahi kumaliza suruali yake mwenyewe. Alimweleza habari za binti yake wa mji wa mbali, anayempigia simu kila Jumapili kumwambia ale matunda. Mtunza stoo alianza kumsubiri asubuhi, na kumwogopa asubuhi hiyo hiyo. Mara mbili alimfuata mezani akiwa ameshaipanga sentensi yote kichwani. Mara ya kwanza aliishia kumuuliza kama taa inatosha, mara ya pili kama amesikia kwamba sukari imepanda.

Kisha Mama Kikombe akaja na habari. Profesa wa chuo kikuu alisoma barua aliyomwandikia, naye anakuja na wenzake wawili Jumatano ya wiki ijayo. Wakiridhika, watachimba shimo jipya bondeni. Wamesema wazi ushahidi unaowavuta ni shimo la kumi na moja.

Nyumbani chakula kilimshinda mtunza stoo. Mkewe alimtazama akikoroga sahani, akasogeza kiti.

"Huyo mama wa vikombe amekufanya nini? Wenzako wakichanganyikiwa na mwanamke wanachagua wa umri wao."

Akamwambia. Alimwambia yote, mpaka mchwa. Mkewe alisikiliza, mkono shavuni.

"Mawe yamekaa ardhini miaka milioni bila kumsumbua mtu," alisema mwishowe. "Ni wewe tu unayetaka yaongee. Miaka mitatu umebakiza ustaafu, baba watoto. Nyamaza."

"Wakichimba wakakosa?"

"Watasema kimondo kimehama. Wasomi hawakosi la kusema."

"Watamcheka yeye."

Mkewe akaisogeza sahani kando. "Ulishawahi kuchekwa, wewe?"

"Ndiyo maana."

Ofisini mkuu wa sasa alipita stoo Jumatatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima. Alimpiga bega mtunza stoo. "Wageni wanakuja, Bwana Stoo. Usituaibishe, eh?" Akacheka, akaondoka. Mtunza stoo alichukua ufagio, akafagia palipokwisha kufagiwa.

Jumanne, siku moja kabla ya wageni, Mama Kikombe alimwekea karatasi mezani.

"Sahihi yako tu hapa, mdogo wangu. Profesa anaitaka."

Karatasi ilisema: *Mimi, mtunza stoo, nathibitisha kwamba sampuli za shimo namba kumi na moja ziko katika mpangilio ule ule zilivyotolewa ardhini.* Chini yake mstari mtupu.

Alishika kalamu. Ncha ilifika kwenye karatasi, ikaacha nukta moja ya wino, ikakataa kwenda.

"Kalamu haiandiki?"

"Mama," alisema, "huu mwandiko wa kwenye masanduku ni wangu."

"Nilishaujua siku nyingi. Unaandika hivyo hivyo kwenye rejista."

"Siyo hilo. Masanduku ya zamani yaliliwa na mchwa. Hayakuwa na namba. Namba niliweka mimi."

Alisema yote bila kuinua macho. Alipomaliza, aliweka kalamu chini taratibu kama kitu kinachoweza kulipuka, akasubiri apigwe kelele. Hakupigwa. Juu yao bati lilitanuka kwa jua.

"Ulihesabu kutoka juu au kutoka chini?"

"Sikumbuki."

"Jaribu."

"Nimejaribu miaka kumi na mitatu."

Mama Kikombe alikaa. Alizikusanya penseli zake, akazipanga, akazichanganya, akazipanga tena. Kisha akasema kwa sauti kavu ambayo mtunza stoo hakuwa ameisikia, "Kabati la chuma. Daftari la siku la wachorongaji. Siyo ripoti ya ofisi, hapana. Lile lao lenyewe, lenye grisi."

Mashine inapochoronga, maji husukumwa shimoni na kurudi juu na rangi ya jiwe linalosagwa. Mchorongaji huandika rangi hiyo kila siku, kwa sababu bosi wake humuuliza. Daftari lilikuwa na alama za vidole vyeusi kila ukurasa. Walilisoma pamoja, vichwa vimekaribiana, kidole cha mama kikitangulia.

*Jumanne, futi 300 hadi 322, maji mekundu. Jumatano, futi 322 hadi 340, maji mekundu, mashine inaruka, jiwe limevunjika. Alhamisi, futi 340 hadi 360, maji meusi.*

Jekundu juu. Jeusi chini. Kama kote bondeni.

Kidole cha Mama Kikombe kilibaki juu ya neno la mwisho muda mrefu. Mtunza stoo alitamani ardhi ipasuke immeze, na kwa mara ya kwanza alijua ingemmeza kupitia nini: tope kwanza, halafu jekundu, halafu jeusi.

"Jiwe lililovunjika lipo," alinong'ona. "Hata hapa wameandika, mama. Limevunjika."

"Usinitulize," alijibu. Akakunja karatasi ya sahihi mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka saa sita mchana bila kuaga. Mtunza stoo aliwaza usiku ule kuugua kesho yake. Alipanga hata ugonjwa. Asubuhi akajikuta amefika kabla ya wote.

Profesa alikuwa mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini, na hilo lilimtisha zaidi. Mama Kikombe alisimama mbele yao, na mkuu akiwa mlangoni, akasema hakuna haja ya kuangalia jeusi juu ya jekundu, kwa sababu masanduku yalipangwa kinyume. Alifungua daftari la grisi, akawaonyesha. Sauti yake haikutikisika.

"Nani aliyapanga?" Profesa aliuliza.

Mama Kikombe alitazama karatasi zake. Angeweza kumwonyesha mtunza stoo kwa kidole, wala isingekuwa kosa. Hakumwonyesha. Mkuu akaanza kukohoa, na mtunza stoo akasikia mtu akisema, "Mimi," akashangaa kwamba ni sauti yake.

"Kwa nini?"

"Mchwa. Na nilikuwa naogopa."

Mmoja wa wageni alicheka kidogo, akaacha alipoona hakuna anayemfuata. Profesa hakucheka. "Mimi sina shida na kuogopa," alisema. "Shida yangu ni kwamba, kama moja limegeuzwa, nitajuaje mengine hayakugeuzwa? Duara lote la mama limetoka kwenye stoo hii." Akafikiri. "Mashimo ya ukingoni ni mangapi?"

"Kumi na nne," Mama Kikombe alisema.

"Yalinganisheni yote na madaftari ya wachorongaji. Sanduku kwa sanduku. Mkimaliza, nileteeni. Nitasoma."

Mkuu alimwambia mtunza stoo neno moja tu akitoka: "Tutaongea." Hakusema lini. Kila mlango ulipogongwa tangu siku ile, mtunza stoo alidhani ndiyo barua yake ya kufukuzwa imefika.

Walianza Alhamisi. Siku tatu za kwanza Mama Kikombe alimsemesha kwa namba tu. Siku ya nne alisema chai ina sukari nyingi, na mtunza stoo karibu alie kwa shukrani. Yeye alisoma daftari kwa sauti, mama akaangalia jiwe. Lilipolingana, mtunza stoo aliandika *Linalingana*, tarehe, na sahihi yake. Walimaliza mashimo matano, yote sawa. Lakini jicho la kushoto la Mama Kikombe lilikuwa limeingia ukungu, na binti yake akamtafutia nafasi ya kupasuliwa kule mji wa mbali. Angekaa wiki mbili, arudi.

Hakurudi. Jicho lilipona vizuri. Mshipa wa kichwani ndio uliopasuka, akiwa amekaa barazani kwa binti yake, mchana, anamenya chungwa. Mkuu alimletea mtunza stoo habari hiyo mwenyewe, akasimama kidogo, akasema kazi ya masanduku aiendeleze au aiache, ni yeye tu.

Aliendelea peke yake. Shimo la sita lililingana, la saba likalingana, la nane likalingana. Kwenye la tisa, daftari lilisema maji meusi futi mia tatu na kumi, na sandukuni, kwenye futi hizo, palikuwa na jiwe jekundu.

Alilitazama hadi macho yakauma. Hili hakuligusa. Aliapa peke yake kwa sauti, mule stoo, kwamba hili hakuligusa. Ubao ulikuwa wa zamani na mwandiko wa mtu mwingine kabisa. Lakini nani angemwamini? Wangesema ni yeye, na duara la mama lingefutwa lote. Kipande chenyewe kilikuwa na urefu wa shubiri. Kukihamisha safu mbili juu ilikuwa kazi ya nusu dakika, na hapakuwa na mtu. Mkono wake ulikuwa umeshakishika. Kilikuwa baridi, na kizito kuliko alivyotarajia.

Alikirudisha palepale. Akachukua kalamu, akaandika *Halilingani*, tarehe, na sahihi. Mwandiko ulitetemeka, ulikuwa mbaya kuliko wote aliowahi kuuandika.

Siku ile ya kuondoka kwenda kupasuliwa jicho, Mama Kikombe alikuwa ameshafungua mlango wa teksi aliposhusha mguu tena, akamwita kwa kidole asogee. Alikuwa amevaa miwani moja tu, ile ya kuonea mbali, na kwa hiyo alimtazama kama mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Ukikuta lisilolingana," alimwambia, "usilipatanishe. Andika tu kwamba halilingani, uogope ukiwa umeshaandika."